Barua Isiyo na Nakala

Mwaka huu kijijini kwetu Marui tulivamiwa. Si nguruwe pori, hao tumewazoea na mihogo yetu wanaijua shimo kwa shimo. Tulivamiwa na vijana wanaojitolea.

Walikuja kumi na wanne, wamemaliza kidato cha sita, kila mmoja na begi, fulana ya kijani na fomu. Mfuko wa Ngazi, wenye ofisi Kibaha, ulikuwa umetangaza kwamba utasomesha chuo kikuu vijana kumi wa mkoa wa Pwani, kwa sharti kila mmoja kwanza akae kijijini na kumlea mwanafunzi kimasomo kwa saa sitini. Jambo zuri, silipingi. Ninachopinga ni hesabu yake. Sekondari yetu ilikuwa na watoto wa kidato cha nne tisa tu ambao bado wanahudhuria. Walezi kumi na wanne, walelewa tisa. Kule ofisini wamekaa watu wenye digrii, na hakuna hata mmoja aliyetoa tisa kwenye kumi na nne.

Ndani ya siku mbili watoto wakajua kwamba wao ni bidhaa adimu. Halidi, mtoto wa shemeji yangu, ambaye hesabu alikuwa anapata alama nane kati ya mia, akawa na walezi watatu: mmoja wa hesabu, mmoja wa biolojia, na mmoja wa kumbebea daftari. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia binti mmoja, "Sista, wiki hii nimebanwa kinoma. Labda Alhamisi saa kumi, ila uje na maandazi."

Binti huyo ndiye Bertha. Alihamishiwa nyumbani kwangu siku ya tatu, kwa sababu mke wangu Swaumu ana chumba na hana kinyongo. Alifika na mwavuli, na uso wa mtu aliyekataliwa na mtoto wa alama nane.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Jina?"

"Bertha Maganga."

"Maganga wa wapi?"

"Nimezaliwa Kibaha, Maili Moja. Ila baba ni wa Sikonge, Tabora."

Nikasimama. Nikamnyang'anya mwavuli.

"Mama Seif!" nikamwita Swaumu. "Njoo uone! Mpagazi wangu amerudi! Babu zake walipita hapa na meno ya tembo mabegani, wakala muhogo wetu, wakaondoka bila kuaga. Mwavuli huu ndio fidia. Kaa chini, mpagazi. Mzigo umeuweka wapi?"

Binti akatoka nje na simu, na mimi nikamsikia akisema, "Baba, huku kuna mzee amechanganyikiwa." Halafu akanyamaza kusikiliza. Halafu simu yenyewe ikaanza kucheka, hata mimi niliyekuwa barazani nikaisikia. Baba yake, Anselmi Maganga, karani mstaafu, alikuwa anamweleza binti yake jambo ambalo alipaswa kumweleza miaka kumi na tisa iliyopita: kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwamba mtani akikutukana amekukaribisha, na akikuheshimu ujue ana neno na wewe.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza Bertha.

Simu ikasema kwa sauti, "Mrudishie!"

Akarudi ndani. Akanitazama. Akaja taratibu kama mtu anayekwenda kusalimia, akanivua kofia yangu ya kiua, ile niliyoshonewa siku ya harusi ya mwanangu, akaivaa yeye.

"Mzaramo," akasema, "ungekuwa unalima kama unavyoongea, msingekuwa mnauza mashamba mkacheze mdundiko."

Swaumu alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, kwa kucheka.

Jioni, tukila bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu, binti akatueleza shida yake. Alifaulu, lakini si kwa kiwango cha kutamba. Nafasi chuoni ameipata, kusomea uhandisi wa maji. Ada ndiyo hana, na baba yake pensheni yake inaishia kwenye dawa za mama. Njia ni ya Mfuko tu. Na Mfuko unataka saa sitini na mwanafunzi, na wanafunzi wamekwisha.

"Nipe hiyo fomu," nikasema.

Mimi fomu nazijua. Mwaka 1978 nilishika namba moja darasa la saba, na jina langu likapotea njiani kabla ya kufika wilayani. Nani alilipoteza najua, amekufa, sitamtaja, ila sijasahau. Tangu hapo nimejisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia vitumbua, sheria za vijiji, maelekezo ya dawa ya korosho. Na tangu mwaka 1984 naandika barua ofisini. Arobaini na tatu mpaka siku hiyo, na nakala zake zote ninazo kwenye sanduku la bati. Kumi na tisa ni za pampu ya kisima chetu, iliyokufa mwaka 2009.

Nikaisoma fomu mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo anayeyaandika anaomba Mungu usiyaone. Yalisema: *mlelewa awe mwanafunzi au mwananchi mwenye kiu ya elimu.*

"Mwananchi ni mimi," nikasema. "Na kiu ninayo tangu mwaka 1978."

"Babu, nikufundishe nini?"

"Kiingereza."

Nikafungua sanduku, nikatoa barua moja iliyokuwa ndani ya nailoni. Katika barua zangu arobaini na tatu nilijibiwa moja, ya mwaka 1996, ile niliyoulizia jina langu liliko. Nilijibiwa kutoka Dar es Salaam, kwa Kiingereza, mistari miwili. Nilikuwa sijaisoma.

"Miaka yote hiyo hukumpa mtu akusomee?"

"Kumpa mtu akusomee barua yako ni kumpa akutafunie nyama yako."

Basi tukaanza. Saa mbili kila alasiri, chini ya paa la banda la korosho. Alikuwa mwalimu mkali kuliko fimbo. Nikikosea anasema, "Ndiyo maana tuliwapita hapa hatukukaa." Nikipatia anasema, "Leo Mzaramo amekula nini?" Na mimi nikamwambia Kinyamwezi chake ni kibovu kuliko Kiingereza changu, jambo la kweli, kwa sababu alikuwa hajui hata kusalimia. Usingizi wangu wa mchana ulikufa. Bada la Swaumu lilikwisha kwa kasi mara mbili ya kawaida. Majirani waliacha kwenda kwenye bao wakawa wanakuja kutusikiliza.

Saa ya hamsini na moja nikaitoa ile barua. Nikaisoma neno kwa neno, kidole mstarini, bila msaada. Ilisema barua yangu imepokelewa na inashughulikiwa.

Nikaikunja, nikairudisha kwenye nailoni yake.

"Tangu mwaka 1996," nikasema, "inashughulikiwa."

Bertha hakucheka. Alinivika kofia yangu, akaiweka sawa, akaniacha nikae. Ilikuwa mara ya kwanza ananipa heshima, nikaogopa. Nikamwambia, "Mpagazi, umeishiwa?" Akaivua tena akaivaa mwenyewe, mambo yakarudi.

Saa sitini zilipotimia, fomu ya mwisho ilikuwa yangu. Mlelewa aandike tathmini ya mlezi wake, *kwa uaminifu na kwa maneno yake mwenyewe*, aitie kwenye bahasha, aifunge, mlezi asiione. Wamesema maneno yangu mwenyewe. Nikaweka maneno yangu mwenyewe:

*Mimi Mwinyimadi Kitwana natoa taarifa ya huyu mpagazi Bertha Maganga. Kwa wiki sita amenimalizia bada, ameninyima usingizi wa mchana, amenivua kofia mbele ya mke wangu na amenitukana kila nilipokosea. Babu zake walipita hapa na meno ya tembo, naye anataka kupita na akili zangu. Naomba mumchukue mumpeleke mbali, hata chuo kikuu, maana hapa ametuchosha. Akirudi bila cheti nitamfunga kwenye mkorosho.*

Nilijisomea mara tatu. Machozi yalinitoka. Sijapata kumsifu mtu hivyo katika maisha yangu.

Bahasha ikaenda Kibaha Jumatatu. Alhamisi mtendaji wa kijiji akaja mbio na pikipiki.

"Mzee Mwinyimadi, unaitwa Kibaha kesho. Kuna malalamiko."

"Ya nani?"

"Yako."

Naomba msomaji asimame hapo kidogo apime. Kisima, miaka kumi na sita, barua kumi na tisa, kimya. Mpagazi, siku tatu.

Mtendaji akaongeza, "Wamesema yule binti jina lake limesimamishwa kwanza. Orodha ya kumi inafungwa kesho saa kumi jioni."

Bertha alikuwa mlangoni. Aliingia ndani akaanza kufunga begi lake, na mimi nikamsikia akikosea zipu mara tatu.

Alfajiri tulipanda bodaboda mbili mpaka Kisarawe, na gari mpaka Kibaha. Nilibeba lile sanduku la bati mapajani njia nzima. Bertha hakunitukana hata mara moja, nikajua mambo ni mabaya.

Ofisi ya Mfuko ni ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Tulikuta watu wawili. Mratibu, bwana Evodius, kijana wa Bukoba, shati limenyooka kama limepigiwa rula, mpole mpaka unaona haya kuwa na hasira. Na mwenyekiti, Mama Fadhila, mwalimu mkuu mstaafu, miwani puani. Mbele yao barua yangu, imepigwa kalamu ya njano.

"Karibu mzee, shikamoo," akasema Evodius. "Usiogope. Hapa uko salama. Binti, wewe kaa kule. Usiongee mpaka uambiwe, na tunaomba lugha ya staha."

Akamweka Bertha kiti cha mbali, karibu na mlango, kama mgonjwa wa kuambukiza.

"Mzee, hapa umeandika amekunyang'anya kofia. Kweli si kweli?"

"Kweli. Lakini mimi nilianza, nilimnyang'anya mwavuli."

Akaandika. "Kulikuwa na unyang'anyi wa pande mbili. Amekutukana?"

"Kila siku. Vizuri sana."

Akaandika. "Na hapa, mzee, pamenisumbua zaidi. Meno ya tembo. Yako wapi?"

"Yalishapita."

"Yalipita lini?"

"Kabla ya Mjerumani."

Evodius akaacha kuandika.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu ni mtani wangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Hiyo si shutuma, hayo ni mapenzi."

"Mzee, utani naujua. Lakini kila anayebanwa siku hizi anasema ulikuwa utani. Na fomu yetu haina kabila, wala hatutaki iwe nalo. Mimi nasoma kilichoandikwa."

Hapo alisema kweli, na hilo ndilo liliniuma. Nikageuza njia. Nikamsifu.

"Basi nasema rasmi. Bertha ana adabu, mpole, mnyenyekevu, hajawahi kuninyanyulia sauti."

Evodius akamtazama Bertha kwa huzuni, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Shahidi amebadili kauli baada ya kusafiri pamoja na mtuhumiwa."

"Ni binti wa dhahabu!" nikasema.

"Shahidi anaonekana kushinikizwa."

Kila nilichomsifia kilimzamisha. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Nikaliinua sanduku nikalibwaga mezani, nikalifungua.

"Haya. Mnataka kujua mimi nikilalamika nalalamikaje? Someni. Barua arobaini na tatu. Pampu. Mpaka wa shamba la kijiji. Mizani ya korosho. Pampu. Choo cha shule. Pampu. Hayo ndiyo malalamiko!"

Evodius akazipekua kwa heshima, kama mtu anayeshika msahafu wa dini isiyo yake. Uso wake ukabadilika, nikadhani amenielewa.

"Mwenyekiti," akasema, "huyu ni mlalamikaji makini. Miaka arobaini na moja. Ana tarehe, ana ushahidi. Mtu kama huyu akiandika kwamba ametukanwa, sisi ni nani tusimwamini?"

Jamani. Nimetafuta mtu wa kuniamini kwa miaka arobaini na moja, nimempata siku ambayo sikumhitaji.

Nikakaa. Nikajifuta macho kwa mkono wa shati. Nikasema kwa sauti ndogo, ambayo hata Swaumu haijui, "Nimemharibia mtoto wa watu."

Kiti cha mlangoni kikalia.

"Wewe Mzaramo!" Bertha alikuwa amesimama. "Unalia? Ofisini kwa watu? Mbele ya Mhaya? Babu zangu walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu hawakulia, wewe umebeba kasanduku kutoka Marui unalia? Vaa kofia yako hiyo, unanitia aibu!" Akaitoa kofia yangu ya kiua kwenye begi akanirushia. Ikatua juu ya barua ya njano.

"Bada lako linanuka," nikamjibu. Sikuweza kujizuia. "Na Kiingereza chako cha kuokota sokoni."

"Ndicho ulichosomea barua yako!"

"Mpagazi!"

"Mvivu!"

"Mwenyekiti, umejionea mwenyewe," akasema Evodius kwa unyonge, akichukua kalamu.

Lakini Mama Fadhila hakuwa anatutazama. Muda wote huo alikuwa amechukua barua zangu moja moja, anasoma kama mwalimu anayesahihisha, na sasa alikuwa ameshika ile ya pampu ya mwaka 2017 mkono mmoja na ile ya Bertha mkono mwingine.

"Mzee Mwinyimadi," akasema. "Hii ya pampu ina kumbukumbu namba. Ina tarehe. Chini umeandika nakala: kwa diwani, kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa mkoa, kwa mbunge, kwa mhandisi wa maji, kwa imamu."

"Imamu alitakiwa aombe dua."

"Ya choo, nakala saba. Ya mizani, nakala tisa. Zote arobaini na tatu zina nakala." Akaigeuza ya Bertha huku na huku, akaangalia hata mgongoni. "Hii haina kumbukumbu namba. Haina tarehe. Nakala yake iko wapi?"

"Nakala ya nini, mama?" nikashangaa. "Hiyo nilikuwa namsifu."

Mama Fadhila akavua miwani.

"Evodius, mwanangu," akasema, "mzee huyu angekuwa anamlalamikia binti huyu kweli, nakala ingefika Umoja wa Mataifa."

Evodius akaifunga kalamu yake. Kisha akaisoma ile barua tena, safari hii polepole, na alipofika kwenye *mumpeleke mbali, hata chuo kikuu*, nikaona bega lake moja linacheza. Halafu la pili. Akaweka paji la uso mezani. Alicheka mpaka shati likakunjamana, na mimi nikaanza kumpenda.

"Hata hivyo," alisema Mama Fadhila, "kwenye faili siwezi kuweka hii. Saa tisa kasoro. Mzee, kaa hapo, andika barua ya sifa ambayo mtu wa Bukoba anaweza kuielewa."

Ndipo nilipojua nilivyo. Barua arobaini na tatu nimeandika bila kusita, kalamu ikikimbia kama imepandwa na shetani. Ya sifa, kavu, bila utani, ilinikalisha saa nzima. Kila nikianza, mkono unataka kuandika *kwa masikitiko makubwa*. Bertha alikuwa anatazama saa, ananitazama mimi, anatazama saa.

"Babu," akanong'ona, "andika tu kilichotokea."

Saa kumi kasoro dakika nane nikamkabidhi Mama Fadhila. Ilisema hivi:

*Kumb. Na. MK/44/2025. YAH: BERTHA MAGANGA. Binti huyu alinifundisha, nikaisoma barua yangu mwenyewe. Anakwenda kusomea maji. Mpelekeni. Nakala: Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Wilaya, Diwani, Bwana Anselmi Maganga, Faili la Pampu.*

Mama Fadhila akaisoma, akaigonga muhuri, akaiweka juu ya faili la Bertha, na faili likaenda juu ya mengine tisa.

Kwenye ngazi Bertha alilia. Nikamwacha mpaka amalize, kisha nikamwambia mwavuli sirudishi.

Nakala nilizipeleka zote kwa mkono na kwa posta, maana nakala isiyofika ni uongo. Mwezi wa kumi na moja, Bertha akiwa chuoni tayari, mtendaji akaniletea bahasha yenye nembo ya chuo. Nikaketi barazani nikaifungua. Kiingereza, mistari miwili.

"Inasemaje?" akauliza Swaumu, bila kuinua macho kwenye kisamvu.

Nikaisoma, kidole mstarini.

"Wanasema barua yangu imepokelewa na inashughulikiwa."

"Tena?"

"Tena," nikasema, nikaenda kutafuta kalamu. "Ila safari hii nina mtu wangu ndani."